Mama wa Chang'ombe Aliyezuia Ndege Isiruke

Habari zilinifikia Jumatatu asubuhi nikiwa kwa kinyozi hapa Temeke, nusu ya kichwa imeshanyolewa na nusu bado. Aliyepiga simu ni fundi mstaafu wa ndege, mtu ambaye hapigi simu bila sababu, na siku hiyo hakuzunguka. "Mwandishi, mama wa Chang'ombe ametutoka alfajiri. Maziko leo baada ya adhuhuri." Nilimwomba kinyozi amalizie haraka, nikaenda nyumbani kubadili nguo, na saa nane nilikuwa makaburini katikati ya watu ambao nusu yao walinuka mafuta ya injini. Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba mtu akifariki tunatakiwa tushushe sauti. Nimejaribu. Mara tatu nimeanza aya hii kwa sauti ya msibani, na kila nikifika mahali pa kueleza mama yule alikuwa nani na alifanya nini, kalamu inaanza kukimbia yenyewe. Nimeamua kuiacha ikimbie. Figo zilikuwa zimemsumbua muda mrefu, amekwenda akiwa ameshavuka sabini, na amekwenda akiwa amefanya mambo ambayo ukiyasimulia kwa kunong'ona utakuwa umeyapunja.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza ajali za ndege. Ndege inapoanguka, wapo wanaokimbilia hospitali, wapo wanaokimbilia msikitini na kanisani, na wapo sisi wa magazeti tunaokimbilia simu. Yeye alikimbilia vipande. Aliviokota, akavipanga sakafuni kwenye banda, akavitazama siku baada ya siku mpaka vimweleze kilichotokea. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa ndege kwa miaka mingi, mwanamke peke yake katika banda la wanaume. Na kabla ya hapo alikuwa binti wa duka. Wazazi wake walikuwa Mashia wenye asili ya Kihindi, watu wa Temeke tangu babu zao, na baba yake aliuza mabomba, koki na pampu za maji. Binti alikua nyuma ya kaunta, amesimama juu ya kreti la soda ili awaone wateja. Walimpeleka ng'ambo akasomee ufamasia, akarudi na cheti cha ufundi wa ndege. Alinisimulia kwamba baba yake alinuna mwezi mzima, halafu siku moja akajitokeza bandani bila taarifa, kanzu nyeupe katikati ya grisi, akaomba aonyeshwe injini. Aliipapasa nati moja moja. Mwishoni akauliza, "Hizi dukani kwetu tunazo?" Binti akajibu, "Hatuna, baba." Mzee akatikisa kichwa. "Basi hii ni kazi kubwa," akasema, na tangu siku hiyo ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula cha mchana.

Mimi nilikutana naye kwa aibu yangu mwenyewe. Miaka mingi nyuma, nilipokuwa bado mwandishi wa habari za mjini, ndege ndogo ya injini moja iliyokuwa ikitoka visiwani ilizimika angani ikatua majini karibu na ufukwe wa Kunduchi. Maji yalikuwa yamekupwa, wavuvi wakaifikia kwa miguu na kuwatoa watu wote wanne wakiwa hai. Abiria watatu walitoka na michubuko na hofu. Rubani alivunjika mguu na taya. Jioni ile mtu mmoja wa uwanjani, ambaye wala sikumjua vizuri, aliniambia kwamba matangi ya mafuta yamekutwa makavu. Sikuuliza swali la pili. Kesho yake gazeti lilitoka na kichwa cha habari nilichokitunga mwenyewe nikiwa nimefurahi nacho: "Rubani Aruka Bila Mafuta." Mji mzima ulikisoma. Nilikuja kusikia baadaye kwamba mke wa rubani alizomewa sokoni, na kwamba mwanawe alirudi kutoka shule akiuliza kama ni kweli baba yake alitaka kuua watu. Rubani mwenyewe alikuwa wodini, taya limefungwa kwa waya, hawezi kutamka neno. Mimi nilikuwa nimeshamsemea.

Siku ya tatu akaingia chumba chetu cha habari mwanamke mwembamba wa makamo, mtandio wa kijivu kichwani, viatu vya kamba vimejaa mchanga. Gazeti letu alikuwa amelikunja kwapani. Alielekezwa kwenye meza yangu, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Matangi yalitazamwa lini, mwanangu? Kabla ndege haijapaa au baada ya kuanguka?"

"Baada."

"Kwa hiyo unachojua ni kwamba mafuta hayakuwemo ilipofika chini. Hujui kama hayakuwemo ilipopaa."

Alichana kipande chembamba cha gazeti, na nadhani hakuchagua kwa bahati mbaya, kwa sababu kilikuwa na nusu ya kichwa changu cha habari. Akaniambia nikishikilie chini ya mdomo wa chini, kining'inie, halafu nipulize kwa juu yake. Nikapuliza. Kile kipande, badala ya kushuka, kikanyanyuka mpaka kikalala sawa na pua yangu. Wenzangu waliacha kuandika wakatutazama. Akaeleza kwa utulivu, kama mwalimu wa darasa la nne. Upepo unapopita kwa kasi juu ya kitu, unakinyonya kuelekea juu, na ndivyo bawa linavyobebwa. Sasa juu ya bawa kuna kifuniko cha tangi, sawa na kile cha gari, na chini ya kifuniko kuna kipira cha duara kinachozuia kuvuja. Kipira kikiharibika, upepo unanyonya mafuta na kuyamwaga hewani, na rubani aliyekaa chini ya bawa haoni. Na kwenye ndege aina ile, tangi lenyewe ni mfuko wa mpira uliolazwa ndani ya bawa. Mafuta yakinyonywa, sakafu ya mfuko nayo inavutwa juu, inaliinua boya la geji. "Geji inasema tangi limejaa," alisema, "kumbe limebaki na harufu."

Kisha akatoa karatasi ndogo iliyoandikwa kwa mkono. Ilikuwa ya rubani. Maneno yalikuwa machache: geji ilisoma imejaa mpaka injini inazima.

"Kila mtu anasema anajitetea," alisema. "Mie nataka kujua kama inawezekana."

"Na inawezekana?"

"Kama vifuniko vilikuwa vinavuja. Lakini vifuniko sina. Ndege ilipovutwa nchi kavu, vyote viwili vilikuwa vimeshaondolewa." Alisimama. "Naenda kuvitafuta. Wewe umeandika mwisho wa habari kabla ya mwanzo. Twende ukaone mwanzo."

Mhariri wangu, ambaye kwa kawaida hutoa ruhusa kama mtu anayeng'olewa jino, aliniashiria kwa kichwa niende.

Pale Kunduchi, kwenye mnada wa samaki, niliharibu mambo kabla hatujakaa. Nilisimama mbele ya kina mama wanaokaanga samaki nikauliza kwa sauti ya mwandishi, "Nani amechukua vifuniko vya ndege?" Kina mama waliinamia makaango yao. Jamaa mmoja aliyekuwa anatengeneza mashine ya boti alinigeuzia mgongo. Mama wa Chang'ombe alinivuta pembeni. Hakunifokea. "Ukiuliza nani, umeshaleta polisi," aliniambia. "Kila mtu hapa ana mtu wa kumlinda. Kaa kimya ule." Akageuza ndoo, akaikalia, akaagiza changu wawili na mihogo, akala kwa mikono yake miwili, akasifia pilipili, akaomba ndimu nyingine. Alipomaliza kunawa ndipo alipotoa mfukoni kifuniko cha ndege alichokuja nacho, cha mfano, akakiweka juu ya benchi katikati ya watu.

"Kitu kama hiki kinafaa nini hapa kwenu?" aliuliza.

Watu walicheka. Mmoja akasema kinafaa kuwa uzito wa nyavu. Mwingine akasema kingekuwa kizuri cha kuzimia sigara. Wakaanza kukipitisha mkono kwa mkono, wakikipima, wakibishana. Yeye akawaacha wabishane, kisha akasema taratibu, "Mwenzake alikuwa kwenye ile ndege. Ziko ndege nyingine zinazotumia kitu hiki hiki, zinabeba watu kila siku. Nataka nijue kama kilikuwa kizima. Aliyekichukua hana kosa kwangu. Kitu kimeletwa na bahari, kimeokotwa."

Mama mmoja aliyekuwa akigeuza samaki aliweka kijiko chini. Akainama chini ya meza yake akatoa chupa ya chai, ile ya kuhifadhi joto, akafungua mfuniko na kuchomoa kipira cheusi. "Mie nilichukua hiki tu, dada yangu," alisema. "Chupa yangu ilikuwa inamwagaga kila siku. Vifuniko vyenyewe vyote viwili mume wangu alivichanganya na vyuma vyake vingine, kapeleka Buguruni kwenye skrepa. Sijaficha. Hakuna aliyeniuliza hivyo."

Nimeona watu wakipokea dhahabu kwa furaha ndogo kuliko ile. Alikipokea kipira kwa viganja viwili, akakinusa, akakikunja kidogo, kikafunua nyufa ndogo ndogo pembeni. Halafu akakipitishia ukucha wa kidole gumba kuzunguka duara, taratibu, mpaka ukucha ukakwama mahali. Alirudia mara ya pili. Uso wake ulibadilika, nikadhani anaumwa.

"Hiki si cha ndege," alisema. "Hiki ni cha pampu ya kisima."

"Umejuaje?"

"Kina mshono. Gusa hapa. Nimeviuza hivi nikiwa na miaka kumi na mbili. Baba alikuwa anavitundika kwenye msumari nyuma ya kaunta, na mteja akija gizani umeme umekatika, nilikuwa navijua kwa ukucha. Ni mpira wa maji huu. Ukiuweka kwenye petroli unavimba, unalegea, ukikauka unapasuka."

Nilitaka kupiga simu ofisini palepale. Nilishaanza kutunga kichwa kipya cha habari, na nakiri kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza. Alinizuia. Kipira peke yake, alisema, ni maneno ya mama mkaanga samaki mbele ya watu waliovaa tai. Watasema kimetoka kwenye pampu kweli, na watakuwa sahihi. Anahitaji kifuniko chenyewe, chenye rangi ya ndege ile, kipira cha pili kikiwa bado kimekaa mahali kilipowekwa na fundi. Mama wa samaki akampigia mumewe simu, mumewe akataja uwanja wa skrepa na jina la mwenyewe, na nusu saa baadaye tulikuwa njiani kwenda Buguruni.

Mwenye uwanja alikuwa mzee mwenye asili ya Kiarabu, mkongwe wa biashara ile, kofia ya kufuma kichwani. Alituonyesha mlima. Masufuria yaliyotoboka, feni, milango ya friji, fremu za baiskeli, rejeta za magari. "Mzigo wa Kunduchi uko upande ule," alisema, "lakini sijui ule unaishia wapi." Tulivua saa, tukakunja mikono, tukaanza. Mama mwenye cheo chake, ambaye saini yake ingeweza kuinyamazisha kampuni, alipiga magoti kwenye vumbi la kutu pamoja na mimi niliyekuwa nimemkosea mtu nisiyemjua. Saa nzima ilipita. Mzee alituletea maji. Nilishakata tamaa mara mbili na kuona haya kusema, kwa sababu yeye hakuinua hata kichwa. Kisha nikanyanyua mlango wa jiko la umeme, na chini yake, kimelala chali kama kombe, kulikuwa na kifuniko cheupe chenye mstari wa bluu.

Sikumbuki nilichosema. Mzee wa skrepa alinieleza baadaye kwamba nilipiga ukelele mpaka mbwa wa jirani akabweka. Kipira kilikuwa ndani ya mfuo wake, nusu kimechomoka, kimevimba kama mdomo uliong'atwa na nyuki. Mama alikipiga picha kikiwa mkononi mwangu, akakifunga kwenye mfuko, na hapo, badala ya kufurahi, akatoa simu akampigia fundi mkuu wa kampuni yenye ndege. Aliweka sauti ya nje. Mazungumzo yale bado ninayasikia.

"Vipira vya vifuniko mlibadilisha lini?"

"Wiki mbili hivi zimepita, mama."

"Kwenye ndege ngapi?"

"Mbili."

"Ya pili iko wapi?"

"Iko hapa uwanjani. Inapakia abiria, inaenda Mafia."

"Isiondoke."

"Mama, mie nakuheshimu. Lakini bila barua siwezi kusimamisha safari. Naomba barua."

Alikata simu. Alinitazama, akatazama barabara, akanyoosha mkono kwa bajaji ya kwanza. Ninaposema kwamba sijawahi kupanda chombo chenye kasi kama ile bajaji, nawakumbusha wasomaji kwamba nimepanda ndege. Dereva alituambia foleni ya Tazara imeshika, tukipita barabara kubwa tutafika kesho. "Nipite ndani ndani, mama?" Akamwambia, "Pita popote ambapo hutaua mtu." Tukapita Vingunguti kwa vichochoro, tukakwepa mitaro, meza za nyanya na watoto wa shule, dereva akipiga honi kama mwenye harusi. Mama alikuwa amekumbatia mfuko wenye kifuniko, midomo inacheza. Alikuwa akimswalia Mtume na watu wa nyumba yake, moja baada ya nyingine, bila kupaza sauti. Mimi moyo ulinidunda kwa hofu na kwa kitu kingine ambacho leo naweza kukiri: furaha. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilikuwa nakimbilia jambo ambalo halijatokea.

Kitambulisho chake kilitufungulia geti la ndege ndogo. Mlinzi alinipa kizibao cha njano akaniamuru nisivuke mstari. Ndege ilikuwa hatua thelathini mbele, nyeupe, mstari wa bluu, abiria wameshakaa, mlango haujafungwa. Rubani kijana, mrefu, alikuwa anazunguka ndege yake kwa ukaguzi wa mwisho. Mama alimwendea bila kukimbia. Nadhani alijua kwamba mtu anayekimbia huwafanya wengine wawe wabishi.

"Kapteni, sina barua," alisema. "Na sitakuamuru. Naomba jambo moja tu. Panda juu ya bawa, fungua kifuniko, utazame kipira kwa macho yako. Ukiridhika, ruka."

Rubani alitazama saa. Akamtazama mama, viatu vyake, kutu iliyojaa magotini kwake. Akaagiza ngazi. Alipanda, akafungua, na akakaa kule juu muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko safari nzima ya bajaji. Aliposhuka alikuwa na kipande cha kipira kati ya vidole viwili, na kipande kile kilikuwa kinaachia unga mweusi. Alikiweka kwenye kiganja cha mama.

"Nilikuwa naondoka nacho hiki," alisema, kwa sauti ya chini kiasi kwamba nililazimika kuvuka mstari wa mlinzi ili nisikie. Kisha akageuka, akawaomba abiria washuke.

Abiria waliposhuka hawakuwa na shukrani hata chembe. Mzee mmoja wa kanzu nzuri, mwenye fimbo, alikuja moja kwa moja kwa mama wa Chang'ombe kwa sababu ndiye aliyeonekana kuwa chanzo cha balaa. Harusi ya mjukuu wake ilikuwa saa kumi, alisema, na yeye ndiye walii wa kumwozesha, na watu wa ofisi siku hizi hawana adabu ya wakati. Mama alimsikiliza mpaka akamaliza. "Unisamehe, baba," akasema. "Mtapewa ndege nyingine." Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nimweleze mzee yule ni nini alichokoswa nacho, ningemwonyesha na ule unga, ningempigia na mfano wa karatasi. Mama alinishika mkono wa shati.

"Mwache anung'unike," alisema. "Anayenung'unika yu hai."

Wahenga walituonya juu ya ufa na ukuta, na sisi tumebaki taifa la mafundi wa ukuta. Mama yule alikuwa mtu wa ufa. Katika wiki zilizofuata nilimfuatilia karibu kila siku, na nilichotaka, nakiri, ni jina. Fulani alinunua vipira vibaya, fulani alivifunga, nipeni jina nimwandike. Ilikuwepo stoo, na stoo ilikuwa na mtunza stoo, baba wa watu, mpole, ambaye wenzake walishaanza kumkwepa kwenye kantini. Mama alikwenda kukaa naye stoo siku mbili. Aligundua kwamba mwenye kampuni alikuwa pia na biashara ya kuchimba visima, na vipuri vya biashara zote mbili vilikaa kwenye rafu moja, kwenye pakiti zilizoandikwa kipenyo tu. Kipenyo kilikuwa sawa. Fundi aliomba cha kipenyo hicho, akapewa cha kipenyo hicho. Ripoti yake ilielekeza rafu zitenganishwe, pakiti ziandikwe ni za nini, na kila kipira kikaguliwe na watu wawili. Hakukuwa na jina la mtu hata moja. Nilimlalamikia. Akanijibu, "Nikimfukuza yule baba, rafu itabaki palepale. Atakuja mwingine, naye atachukua kilichopo mkononi." Mtunza stoo alibaki kazini. Nasikia alikuwa mkali wa pakiti mpaka anastaafu.

Na mimi? Jioni ileile ya bajaji niliandika marekebisho, marefu, yenye kila kitu. Mhariri aliyafupisha akayaweka ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la matairi. Nililibeba gazeti mwenyewe mpaka wodini. Rubani alilisoma, akarudia, akanyoosha mkono kuomba kalamu yake. Akaandika maneno mawili: "Herufi ndogo." Katika miaka yote ya uandishi sijawahi kupewa uhakiki mfupi na wa haki kama ule. Niliomba radhi, akaitikia kwa kichwa, na nikatoka. Mwaka uliofuata alirudi angani, na mke wake ndiye aliyenipigia simu kunijulisha, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajaamua kama amenisamehe.

Tangu wakati huo nimekuwa nikiitazama Dar es Salaam hii kwa jicho alilonipa. Bodaboda ikigonga mtu Mbagala, tunakusanyika kumsaka dereva, na kesho yake mwingine anagongwa kwenye kona ileile yenye ukuta uleule unaoziba macho. Jengo likipasuka, tunamtaka mhandisi. Mtoto akizama kwenye shimo la mchanga, tunamgeukia mama yake. Simaanishi kwamba watu hawana makosa. Yeye mwenyewe hakuwahi kusema hivyo, na ukimdanganya alikuwa na macho ya kukutoboa. Ninachosema ni kwamba hasira yetu ina haraka, na ikishapata mtu wa kumshukia inalala usingizi. Wenzake wa ofisini waliniambia makaburini kwamba hakuna anayeweza kuhesabu watu ambao wako hai kwa sababu yake, kwa kuwa ajali isiyotokea haina kaburi wala ukurasa wa mbele. Wako Mafia, wako Kilwa, wako Kigamboni, wanagombana na wake zao na kulalamikia bei ya unga, na hawajui. Nilipolisikia hilo nilijikuta natabasamu msibani, na sikujizuia.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa kama mwezi mmoja uliopita, nyumbani kwake Chang'ombe. Alikuwa amedhoofika, mkono una bandeji ya sindano, lakini mapajani alikuwa na rasimu ya ripoti ya binti mmoja aliyemfundisha kazi. Binti mwenyewe alikuwa amekaa kwenye mkeka, daftari mkononi, anangoja hukumu. Nilichungulia. Kila palipoandikwa neno "uzembe", mama alikuwa amelikata kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake, kwa mkono ambao haukuwa na nguvu tena, "kwa nini?"

"Lakini mama, huyu kweli alikuwa mzembe," binti alisema. "Hakukaza nati tatu."

"Alifunga ngapi siku hiyo?"

Binti alipekua daftari. "Sijauliza."

"Alianza kazi saa ngapi? Taa ilikuwepo?"

"Sijauliza, mama."

"Haya." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, na akasema maneno ambayo nimeyabandika juu ya meza yangu. "Uzembe si sababu, mwanangu. Uzembe ni mahali ambapo wewe umechoka kuuliza."

Hilo neno "uzembe" nimelitumia katika safu hii mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Juzi, niliporudi kutoka makaburini, nilikuwa na makala mbili mezani zikisubiri kuchapishwa, na lilikuwemo katika zote mbili. Nimelifuta, nimemwambia mhariri zisubiri, na tangu jana niko kwenye simu.